Fedha za korosho mikononi mwa Mkristo: mwongozo wa kupanga msimu kwa kaya za Mtwara na Lindi

Katika mikoa ya Mtwara na Lindi, kaya nyingi hazipokei fedha kidogo kidogo mwaka mzima kama mtumishi anayelipwa kila mwisho wa mwezi. Ufuta huleta kiasi fulani kati ya Mei na Julai, mbaazi huongezea baadaye, lakini fedha kubwa ya mwaka ni ya korosho, ambazo huanza kuokotwa kwa wingi kuanzia Oktoba, hupelekwa chama cha msingi cha ushirika, huuzwa mnadani kwa mfumo wa stakabadhi ghalani (mkulima hupewa karatasi ya kilo alizoweka ghalani), kisha malipo yake huingia kwenye akaunti ya mkulima kwa mkupuo mmoja au miwili. Baada ya hapo huja kifuku, yaani msimu wa mvua, na pamoja nacho miezi mirefu ya kusubiri.

Kalenda hiyo humletea Mkristo majaribu mawili yasiyofanana. La kwanza ni la Februari, wakati debe la mahindi limekwisha na mwenye fedha taslimu anapita nyumba kwa nyumba. La pili ni la Novemba, ujumbe wa benki unapoingia kwenye simu na kila duka mjini linaonekana kuwa na haki ya kutembelewa. Maombi ya Aguri katika Mithali 30:8-9 yanayagusa yote mawili: anamwomba Mungu asimpe umaskini wala utajiri, asije akashiba na kumkana, wala asiwe maskini akaiba. Huyu ni mtu aliyejua kwamba njaa na shibe zote zina uwezo wa kumtenga na Mungu wake.

Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo moja: vipaumbele vya kiroho kuhusu fedha huamuliwa kabla fedha hazijaingia. Anayesubiri hadi zifike ndipo aombe hekima, mara nyingi hukuta jirani, fundi wa bati na muuza simu wameshaamua kwa niaba yake.

Hatua ya kwanza: kaeni chini Agosti, si Novemba

Wakati mzuri wa kupanga ni pale mikorosho inapokuwa imetoa maua na korosho changa za kwanza zimeanza kuonekana, kwa sababu mkulima mzoefu anaweza kukisia mavuno, na mkononi bado hakuna kitu cha kumlevya. Mume na mke wakae pamoja na daftari. Watoto wakubwa wanaookota korosho nao waitwe, maana jasho lao limo ndani ya magunia hayo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye ndoa daftari lina kazi nyingine tena: linaondoa ile siri ya kiasi gani kiliingia, siri ambayo imevunja nyumba nyingi kusini kuliko njaa yenyewe.

Yesu alipotoa mfano wa tajiri mpumbavu katika Luka 12:16-21, alieleza mtu ambaye shamba lake lilizaa sana akaazimia kubomoa ghala zake na kujenga kubwa zaidi. Wengi husoma habari hiyo wakadhani kosa lake lilikuwa kuweka akiba. Lakini Yusufu naye aliweka akiba kule Misri, na Maandiko yanamsifu. Ukiisoma tena utaona kwamba tajiri yule hazungumzi na mtu yeyote isipokuwa nafsi yake. Hana mke anayemshauri, hana jirani anayemfikiria, na Mungu anaingia kwenye mazungumzo akiwa amechelewa kualikwa. Mpango wa kaya ya Kikristo unaanza kwa kuvunja upweke huo: sala fupi, kisha hesabu za wazi mbele ya wahusika.

Katika kukisia, tumieni bei ya chini. Msimu wa 2017/2018 bei ya korosho ghafi ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo mnadani, na watu wakapanga mwaka uliofuata kana kwamba bei hiyo imeandikwa kwenye mawe. Mwaka 2018 wakulima walizikataa bei za minada ya mwanzo, Serikali ikaingia na kutangaza kununua kwa shilingi 3,300, na uhakiki uliofuata ukawafanya wengine wasubiri malipo yao hadi mwaka mwingine. Aliyekuwa amekopa bati kwa kutegemea shilingi 4,000 za Novemba alijikuta akidaiwa Machi. Luka 14:28 inamtaka mtu anayejenga mnara aketi kwanza ahesabu gharama, na kuhesabu kwa bei ya ndoto si kuhesabu.

Hatua ya pili: andika madeni yote, ukianza na kangomba

Hapa ndipo penye uzito kuliko pengine pote, na ndipo mahubiri yetu yanapopita haraka. Kangomba ni biashara ya kununua korosho nje ya mfumo rasmi, mara nyingi zikiwa bado mtini, kutoka kwa mtu aliyebanwa na shida. Mwenye fedha anatoa taslimu wakati wa kifuku, na mwenye shamba anaahidi kilo atakazolipa msimu ukifika. Biashara hiyo imepigwa marufuku, lakini inaendelea kwa sababu njaa ya Februari haisubiri mnada wa Oktoba.

Tuifanye hesabu yake. Tuseme mama mmoja amepokea shilingi 100,000 mwezi Februari kwa makubaliano ya shilingi 1,000 kwa kilo. Anadaiwa kilo 100. Korosho hizo zikiuzwa mnadani kwa shilingi 2,500, zina thamani ya shilingi 250,000. Kwa kukopa laki moja kwa miezi minane, ametoa laki moja na nusu juu yake. Hakuna benki wala kikundi cha VICOBA kinachotoza hivyo, na kama kingetoza, wanachama wangekitimua.

Nehemia sura ya 5 inaeleza jambo hilihili. Watu wa Yerusalemu walilia kwamba wameweka rehani mashamba yao, mizabibu yao na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa, na waliowakopesha walikuwa ndugu zao wenyewe. Nehemia hakuwaambia wadaiwa wawe na imani zaidi. Aliwakasirikia wakubwa, akaitisha mkutano, akawataka warudishe mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba, pamoja na sehemu ya mia waliyokuwa wakitoza juu ya fedha, nafaka, divai na mafuta. Na Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu kufanya hivyo ni kuchukua uhai wa mtu kuwa rehani. Mkorosho wa mama wa Newala au Tandahimba ndio jiwe lake la kusagia.

Kwa hiyo hatua hii ina pande mbili. Kama wewe ndiye unayedaiwa, andika jina la kila anayekudai, kiasi ulichopokea na kilo ulizoahidi, kisha zungumza naye mapema mbele ya shahidi, mwombe akubali fedha badala ya korosho, kiasi alichotoa na nyongeza ya haki. Wengine watakataa. Wapo watakaokubali, hasa wakijua kwamba katibu wa jumuiya au mzee wa kanisa ana habari. Dawa ya deni ni kulipa, na malipo hayo yaingie kwenye mpango kabla ya jambo lolote la hiari. Mithali 22:7 inasema akopaye ni mtumwa wake akopeshaye, na mtumwa hapangi msimu wake mwenyewe.

Kama wewe ndiye mwenye fedha, swali ni gumu zaidi, nami sitalifunika kwa maneno laini. Mkristo anayekaa kiti cha mbele kanisani huku magunia yake yametoka kwenye mashamba ya waliokuwa na njaa Februari ana jambo la kumaliza na ndugu zake kabla hajafika madhabahuni, sawasawa na Mathayo 5:23-24. Fedha uliyonayo wakati wa kifuku inaweza kukopeshwa kwa njia ya haki: kupitia kikundi cha kuweka na kukopa, kwa riba ambayo wanachama wenyewe wameikubali na kuiandika.

Hatua ya tatu: hakikisha fedha yenyewe ni safi

Kabla ya kuuliza ni kiasi gani kitolewe kwa Mungu, uliza fedha hiyo imepatikanaje. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA. Kwetu mizani hiyo ina sura nyingi: korosho zisizokaushwa vizuri ili ziongeze uzito, mawe na mabibo makavu katikati ya gunia, karani wa chama anayeandika pungufu na kuweka tofauti kwenye jina la shemeji yake. Mkulima akilalamikia mizani ya chama na huku gunia lake lina kokoto, wote wawili wanaibiana, na anayeumia zaidi ni yule mwenye gunia safi, kwa sababu ubora wa ghala zima ukishuka na bei yake hushuka mnadani.

Wapo pia vibarua. Waliopalilia, waliopuliza dawa na waliookota korosho wanapaswa kulipwa kabla ya mwenye shamba hajanunua hata kanga. Yakobo 5:4 inasema ujira wa wakulima uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimeingia masikioni mwa Bwana. Ikiwa malipo ya mnada yamechelewa, mweleze kibarua ukweli na mwoneshe stakabadhi. Usimwambie kila siku aje kesho.

Hatua ya nne: tenga zaka na sadaka, kwa hesabu na kwa hiari

Swali linaloulizwa sana ni hili: fungu la kumi litolewe kwenye fedha yote iliyoingia, au kwenye kilichobaki baada ya gharama za shamba? Makanisa hayafundishi kwa namna moja, na kila mmoja afuate dhamiri yake na mafundisho ya kanisa lake. Kwa maoni yangu ni haki kuondoa kwanza gharama halisi za kuzalisha, kwa kuwa ujira wa kibarua na mafuta ya mashine ya kupulizia havikuwa vyako hata siku moja, bali vilipita tu mikononi mwako. Gharama za kula, kuvaa na kuezeka haziondolewi, maana hizo ndizo matumizi ya mapato yenyewe.

Chukua mfano wa kaya iliyopata kilo 800, na baada ya makato ya chama, usafirishaji na ghala ikabaki na shilingi 2,500 kwa kila kilo. Jumla ni shilingi 2,000,000. Palizi, kupuliza dawa, kuokota na magunia vimekula shilingi 500,000, ambazo zitarudi shambani msimu ujao. Pato halisi ni shilingi 1,500,000, na fungu la kumi lake ni 150,000. Kiasi hicho kitengwe siku ileile malipo yanapoingia, kwa sababu zaka inayosubiri mabaki haipati kitu.

Sina budi kusema neno kuhusu mahubiri ya kupanda mbegu. Kila Novemba huonekana wahubiri wanaotoka mbali, wakifika miji ya korosho na ujumbe kwamba anayetoa laki tatu atavuna milioni tatu kabla ya Pasaka. Malaki 3:10 inaagiza zaka iletwe ghalani ili kiwemo chakula katika nyumba ya Mungu, na baraka inayoahidiwa pale ni ya taifa linalorudi kwenye uaminifu. Haimpi mtu mmoja tiketi ya kumdai Mungu faida. Paulo katika 2 Wakorintho 9:7 anataka kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima. Aliyekusudia Agosti, kwenye daftari, pamoja na mwenzi wake, ana jibu tulivu pale kipaza sauti kinapomtaka asimame. Unaruhusiwa kubaki umekaa.

Sadaka isiishie kanisani. Familia zetu za kusini zimechanganyika: baba mdogo ni Mwislamu, shangazi ni Mkatoliki, mkwe ni Mwanglikana wa Masasi. Msiba au ugonjwa ukitokea haumuulizi mtu dini yake, na mfuko mdogo wa kusaidia ndugu na majirani uwe na fungu lake kwenye daftari. Mambo ya Walawi 19:9-10 iliwaagiza wavunaji waache pembe za shamba na mabaki kwa maskini na mgeni. Kwenye mikorosho agizo hilo linatekelezeka bila gharama: baada ya kuokota mara ya mwisho, waachie wajane na wazee wasio na shamba zile korosho za mwisho zinazoendelea kudondoka, na wajulishe mapema ili wasionekane wezi.

Hatua ya tano: nunua chakula cha kifuku

Paulo anamwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani (1 Timotheo 5:8). Kwa hiyo gunia la mahindi nalo ni jambo la kiroho, na katika mikoa yetu ndilo kinga kubwa kuliko zote dhidi ya kangomba, kwa sababu mwenye chakula hadi Aprili hana haja ya kuuza korosho zilizo mtini. Hesabu kaya yako inakula debe ngapi kwa mwezi, kisha nunua mapema. Mahindi mengi yanayoingia kwetu hutoka Ruvuma, na bei huwa nafuu baada ya mavuno, katikati ya mwaka, kuliko Januari. Fedha ya ufuta, ikiwepo, inafaa kutumika hapo. Kausha vizuri, hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na usiuze chakula hicho kwa tamaa ya bei ikipanda.

Shule zinafunguliwa Januari. Ada ya shule za Serikali imeondolewa, lakini sare, madaftari, viatu, michango ya chakula na nauli ya mwanafunzi wa bweni havijaondolewa. Viandikwe kwa majina ya watoto, wa kike na wa kiume, kwa mizani iliyo sawa. Bima ya afya iingie hapohapo.

Hatua ya sita: weka sehemu ya Yusufu, na uirudishe fedha ya shamba

Katika Mwanzo 41:34 Yusufu alimshauri Farao atenge sehemu ya tano ya mavuno katika miaka ya neema. Si amri kwa kila mkulima, lakini ni kipimo chema kwa zao ambalo mvua ya wakati mbaya au ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, vinaweza kulipunguza kwa nusu. Kwa kaya ya mfano wetu sehemu ya tano ya pato halisi ni shilingi 300,000. Iwekwe kwenye akaunti tofauti au hisa za kikundi, mahali ambapo kuitoa kunahitaji safari au sahihi ya mtu wa pili.

Fedha ya shamba isichanganywe na hiyo. Hata pale salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, inapotolewa kwa ruzuku, mpulizaji na mafuta ya mashine vinalipwa taslimu kati ya Mei na Agosti, wakati mifuko mingi imeshakauka. Asiyetenga hurudi kwa mwenye kangomba, na mzunguko unaanza upya.

Hatua ya saba: furahini, kwa kiasi mlichoandika

Baada ya zaka 150,000, chakula 500,000, shule na afya 200,000 na akiba 300,000, kaya yetu imebakiwa na shilingi 350,000. Hapa ndipo pa bati, godoro, nguo, simu na sherehe, na Mkristo hana sababu ya kuona haya. Kumbukumbu la Torati 14:26 inamruhusu Mwisraeli aliyesafiri na zaka yake anunue chochote roho yake ilichotamani, ale na kufurahi na nyumba yake mbele za BWANA. Imani isiyojua kusherehekea mavuno haikuijua Biblia vizuri.

Mgogoro huja kwenye ngoma za jando na unyago, ambako fedha ya msimu mzima inaweza kuisha kwa siku chache kwa sababu ya kushindana na jirani. Kanisa la kusini lina historia ndefu na jambo hili: Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Kianglikana wa Masasi tangu 1926 hadi 1944, anakumbukwa kwa kuipa jando sura ya Kikristo badala ya kuifuta. Kilichohifadhiwa kilikuwa malezi ya kijana na nafasi yake katika jamii. Mashindano ya kukodi muziki na kutuza fedha hadharani hayakuwa sehemu ya malezi hayo. Familia mbili au tatu zinaweza kuwatoa watoto wao pamoja, kwa sufuria moja na turubai moja, na hakuna mwali atakayepungukiwa. Kuhusu uraka, yaani pombe ya mabibo, ambao wakati wa korosho unapatikana kila kijiji, nitasema tu kwamba fedha nyingi hazimalizwi na uraka wenyewe bali na maamuzi yanayofanywa baada yake.

Hatua ya nane: siku malipo yanapoingia

Usitoe fedha zote benki. Linganisha kwanza kiasi kilichoingia na kilo zilizomo kwenye stakabadhi na bei ya mnada ule. Kukiwa na tofauti, nenda ofisi ya chama ukiwa na karatasi, si na hasira. Kisha fuata daftari kwa mpangilio wake: deni na vibarua, zaka, chakula, shule, akiba na shamba. Kitu chochote ambacho hakikuandikwa Agosti kisubiri wiki mbili, na baada ya hapo mume na mke wakiafikiana kinunuliwe kutoka kwenye lile fungu la mwisho. Malipo yakija pungufu kuliko makisio, lipunguzwe fungu hilohilo kwanza, kabla ya kugusa akiba au fedha ya shamba.

Ikiwa mwenzi wako hakubaliani na mpango, usimfiche sehemu ya fedha kwa kisingizio cha kumtolea Mungu. Anania na Safira, katika Matendo 5, walipatikana na hatia ya uongo juu ya kiasi, ilhali Petro mwenyewe aliwaambia kwamba fedha ilikuwa chini ya mamlaka yao. Mpelekeeni suala hilo padri, mchungaji au wazee wawili mnaowaheshimu wote, wakiwa na daftari mbele yao.

Rudieni daftari hilo mwezi Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha. Hesabuni debe za mahindi zilizobaki, angalieni kama akiba bado ipo na kama kuna yeyote nyumbani aliyechukua fedha kwa ahadi ya korosho zijazo. Akiwepo, deni hilo liandikwe siku hiyohiyo kwenye ukurasa wa msimu mpya, na mazungumzo na aliyemkopesha yaanze wiki hiyo, kabla maua hayajatoka.